Karatasi, Daftari na Mbao: Watu Walioipima Treblinka

Sentimita moja ni kilomita moja. Kwa skeli hiyo ya 1:100,000, afisa wa jeshi anaitazama karatasi na kujua askari wake watatembea muda gani kabla ya kufika mtoni. Kwa skeli hiyohiyo mchoraji anabanwa vibaya. Nyumba ya mlinzi wa msitu, ambayo mtu aliyepotea usiku angeishukuru, haifikii hata ukubwa wa chembe ya mchanga. Akiichora kwa ukubwa wake halisi, haionekani. Akiikuza, inakula nafasi ya njia, ya kijito na ya jina la kijiji. Wachora ramani wa Taasisi ya Jiografia ya Jeshi la Poland, inayojulikana kwa herufi zake tatu, WIG, walihangaika na tatizo hilo kwa miaka 20, na kwa maoni yangu ni wachache mno katika Ulaya ya zama zao waliolitatua kwa ufasaha kama wao.

Nataka kuifuata kazi yao mpaka mahali pamoja tu: kijiji cha Treblinka, karibu na mto Bug, kama kilomita 80 kaskazini-mashariki ya Warszawa, kilichokuwa na stesheni ndogo kwenye reli iliyotoka Siedlce kwenda Małkinia. Leo jina hilo likitajwa watu wananyamaza, kwa sababu ya kambi ambayo Wajerumani waliijenga hapo wakati wa vita ili kuwaua Wayahudi. Lilipochapwa kwenye ramani kabla ya vita lilikuwa jina la kijiji cha wakulima, kwenye nchi ya mchanga na misonobari, pasipo na sababu yoyote ya mgeni kusimama. Na pamoja na wachora ramani nataka kuwasifu wengine watatu waliokuja baada yao: stesheni masta wa zamu, seremala, na mpima ardhi aliyepelekwa pale vita ilipokwisha. Vifaa vyao vilikuwa tofauti, lakini kazi ilikuwa moja, ya kuonyesha kitu kilipo, kilivyo, na ni kingi kiasi gani, bila kuongeza wala kupunguza.

Poland ilirudi kuwa dola Novemba 1918, baada ya miaka 123 ya kugawanywa na Urusi, Prussia na Austria. Pamoja na uhuru ilirithi ramani za mabwana watatu. Warusi walikuwa wamepima kwa versta, ramani zao zikiwa za 1:42,000 na 1:84,000, na majina ya vijiji vya Kipoland yameandikwa kwa herufi za Kirusi. Waaustria walitumia 1:75,000. Wajerumani walikuwa na karatasi nzuri za 1:25,000 na 1:100,000. Hata pa kuanzia kuhesabu longitudo hapakuwa pamoja: wengine walianzia Pulkovo karibu na St. Petersburg, wengine kisiwa cha Ferro kule Kanari. Ukizilaza kando kwa kando karatasi mbili za sehemu zinazopakana, barabara iliyotoka upande mmoja haikuikuta nyenzake upande wa pili. Kazi ya WIG ilifanana na ya fundi cherehani aliyeletewa vitambaa vitatu, kila kimoja kimekatwa kwa pima yake, akaambiwa vazi liwe moja na mshono usionekane.

Taasisi ilianzishwa 1919, na kuanzia 1921 ikaitwa kwa jina lililoipa sifa. Kanali Józef Kreutzinger aliiongoza kuanzia 1926, na baada yake, mwaka 1932, akaja Tadeusz Zieleniewski aliyekaa nayo mpaka vita. Waliamua kutorekebisha viraka milele. Waliweka mtandao wao wa pembetatu, wakachagua projeksheni moja kwa nchi nzima, kitovu chake kikiwa penye latitudo 52 kaskazini na longitudo 22 mashariki, si mbali na mji wa Siedlce, ambako reli ya Treblinka ilianzia. Wapimaji walitembea na meza za kupimia za miguu mitatu, wakachora palepale walipokuwa wanatazama, wakauliza majina kwa wenyeji na kuyaandika upya yanavyotamkwa. Kipimo cha uaminifu cha kazi hii hakiko kwenye miji. Jiji lina watu wa kulalamika likikosewa. Kiko kwenye kinamasi kisichopitwa na mtu, na kwenye njia ya mkokoteni inayoishia msituni. Mpimaji mvivu angeikisia tu, na hakuna ambaye angejua.

Tuitazame karatasi yenyewe. Inabeba dakika 15 za latitudo na dakika 30 za longitudo, kwa hiyo huku Poland ya kati inakuwa na kimo cha kama sentimita 28 na upana wa sentimita 34 hivi. Inalala kwenye mapaja ya mtu aliyeketi kwenye jiwe, na nadhani hilo lilifikiriwa. Matoleo yaliyokamilika yana wino wa aina nne. Mweusi ni wa vilivyojengwa na binadamu na wa majina, kahawia ni wa mistari ya kontua, bluu ni wa maji, kijani ni wa msitu. Kila rangi ina bamba lake, karatasi inapita mashineni tena na tena, na bamba likihama nusu milimita tu, msitu unasogea mita 50 na kuingia mtoni. Kwenye karatasi nzuri za WIG ukingo wa kijani unaufuata mstari mweusi wa njia bila kuukanyaga. Huo ni mkono wa mchapaji, na mchapaji hasifiwi mara nyingi.

Kisha kuna wanachokubali kuonyesha na wanachokataa. Kinu cha upepo kimo, kwa sababu kinasimama juu na kinaonekana kutoka mbali. Msalaba wa kando ya njia umo, kwa sababu mpita njia anautumia kujua amefika njia panda. Kiwanda cha matofali kimeandikwa cegl., nyumba ya mlinzi wa msitu gaj., ya bwana misitu leśn., herufi chache zinazotosha. Barabara zina vyeo, kuanzia ile iliyotandikwa mawe mpaka kijia cha shambani, na anayezisoma anajua wapi gari litapita wakati wa masika na wapi litazama. Reli ni mstari mweusi mzito kuliko yote, na macho yanaipata kabla hayajatafuta. Karatasi za namna hii zilifika 482 na kuifunika nchi nzima pamoja na maeneo ya jirani. Nimezitazama nyingi zilizoskaniwa, na bado ninavutiwa na ukimya wake. Hakuna pambo. Uzuri wote umetokana na kufaa.

Reli ya Siedlce hadi Małkinia ilijengwa na Warusi katika miaka ya 1880. Małkinia yenyewe ipo kwenye njia kuu ya zamani ya Warszawa kwenda St. Petersburg, ng'ambo ya Bug, na Treblinka ilikuwa stesheni ya kwanza baada ya kuvuka daraja kuelekea kusini. Karibu nayo palikuwa na machimbo ya kokoto, na kokoto inahitaji reli ya pembeni ya kuitoa. Reli, daraja, machimbo, msitu wa kuficha, na kijiji kidogo. Aliyekuwa na nia mbaya aliweza kuyasoma hayo yote kwenye ramani sawasawa na aliyekuwa na nia njema. Karatasi haimchagui msomaji wake.

Ujerumani ilivamia tarehe 1 Septemba 1939, na siku 16 baadaye Umoja wa Kisovieti ukaingia kutoka mashariki. Mpaka kati yao ukapita karibu kabisa na hapa: Małkinia ikabaki kwa Wajerumani, na stesheni inayoifuata upande wa mashariki, Zaręby Kościelne, ikawa ya Wasovieti. Wapoland wengi wa upande ule walikamatwa na kupelekwa Siberia na Asia ya Kati, na baadhi ya waliosalimika walishushwa Afrika Mashariki kupitia Uajemi. Makaburi yao yapo Tengeru, nje kidogo ya Arusha. Nalitaja kwa sababu msomaji wa Arusha anaweza kuuona mwisho mmoja wa mstari huo kwa macho yake.

Wajerumani walilichukua jengo la WIG mjini Warszawa, wakaweka ofisi yao ya ramani za vita, wakachapa upya karatasi za Kipoland kwa matumizi ya jeshi lao. Hakuna sifa chungu kuliko hiyo kwa fundi. Baadhi ya wafanyakazi wa zamani walibaki kwenye mitambo ileile, na ramani zikawa zinatoroshwa kupitia mikono yao kwenda kwa jeshi la siri la Poland, Jeshi la Nyumbani.

Jeshi hilo la siri lilihitaji pia watu kwenye reli. Mwaka 1941, Wajerumani wakijiandaa kuishambulia Urusi, treni za askari na mizinga zilikuwa zikielekea mashariki, na mtu aliyekaa stesheni akiwa na kofia ya reli kichwani aliweza kuzihesabu bila kutiliwa shaka. Ndivyo Franciszek Ząbecki alivyojikuta Treblinka, stesheni masta wa zamu kwa mwajiri, mpelelezi kwa nchi yake.

Kazi ya zamu stesheni haina sifa kubwa, lakini imejengwa juu ya kanuni moja ngumu. Treni haiondoki stesheni moja mpaka stesheni ya mbele ikubali kuipokea, na kila ruhusa inaandikwa. Namba ya treni, saa ya kuingia, saa ya kutoka, idadi ya mabehewa, imetoka wapi, inakwenda wapi. Mwenye zamu asipoandika, treni mbili zinaweza kukutana uso kwa uso. Kwa hiyo kuandika kwake hakutokani na udadisi, kunatokana na woga wa ajali, na kwa miaka kunakuwa sehemu ya mwili wake. Mtu wa namna hiyo akiona kitu kisichoeleweka, mkono wake unaandika kabla akili haijaelewa.

Julai 1942 ilikuja telegramu stesheni: kutakuwa na treni za kwenda na kurudi kati ya Warszawa na Treblinka, zimebeba watu wa kuhamishwa, mabehewa 60 yaliyofungwa, na zitarudi tupu. Ya kwanza ilifika tarehe 23 Julai. Reli ya pembeni iliyokuwa ikitoa kokoto ilikuwa imeongezewa tawi, nalo liliingia katika kambi mpya iliyozungushiwa uzio na matawi ya misonobari. Kambi haikuweza kupokea treni nzima. Mabehewa yalikatwa mafungu ya 20, injini ikayasukuma ndani fungu kwa fungu, na mengine yakasubiri stesheni, kwenye jua la Julai, watu wakiomba maji. Kazi ya kuyakata na kuyapanga ilikuwa ya stesheni. Ząbecki aliyaona yote kwa sababu hapakuwa na njia ya kuyapeleka yasipite mbele yake.

Kwenye ubavu wa mabehewa palikuwa na idadi ya watu, imeandikwa kwa chaki. Alizisoma namba hizo, akaziweka kumbukumbu treni kwa treni, na taarifa zikaenda kwa jeshi la siri. Fikiria utulivu uliohitajika. Mtu yuko zamu, walinzi wenye silaha wamejaa jukwaani, ndani ya mabehewa watu wanakata roho, naye lazima aendelee kufanya kazi ya reli bila kukosea, kwa sababu akikosea ataondolewa, na akiondolewa hapatakuwa na macho mengine pale. Kwa majira mazima ya joto na vuli aliendelea. Kutoka Warszawa pekee, kati ya Julai na Septemba 1942, walipitishwa watu zaidi ya 250,000. Kisha zikaja treni za Radom, Białystok, na za mbali zaidi, na za mwisho kabisa zilitoka Białystok, Agosti 1943.

Wajerumani walipojiandaa kurudi nyuma mwaka 1944 na kuharibu nyaraka, Ząbecki alichukua hati za safari za mabehewa alizoweza, akazificha. Mwaka 1970 alikuwa shahidi mjini Düsseldorf kwenye kesi ya Franz Stangl, aliyekuwa mkuu wa kambi. Mahakama imezoea mashahidi wanaosema walisikia kilio. Huyu alikuja na kazi ya reli: treni hii, siku hii, imetoka huku. Mwaka 1977 kilitoka kitabu cha kumbukumbu zake.

Hesabu yake ya jumla ilipita watu milioni moja, na wanahistoria wengi leo wanaweka idadi ya waliouawa Treblinka kati ya 700,000 na 900,000. Mwaka 2000 iligunduliwa katika nyaraka za Uingereza telegramu ya Wajerumani iliyonaswa Januari 1943, iliyotumwa na Hermann Höfle, afisa wa SS, ikitaja 713,555 kwa Treblinka hadi mwisho wa 1942. Je, tofauti hiyo inaiondolea thamani kazi ya stesheni masta? Mimi nasema hapana. Jumla ni hesabu ya mwisho na inaweza kusahihishwa. Tarehe za treni, zilikotoka, na namna zilivyokatwa kuingia kambini haviwezi kukisiwa na mtu baadaye. Lazima mtu awe amesimama pale. Mtu mmoja asiye na mashine, aliyefanya kazi kwa siri, alipata ukubwa wa jambo ambao Ulaya nzima haikutaka kuuamini.

Wauaji nao walikuwa na karatasi zao, na hapa ufundi unatisha. Shirika la reli la Ujerumani lilitoza nauli kwa kila aliyepelekwa, daraja la tatu, kwenda tu bila kurudi; watoto chini ya miaka 10 nusu nauli, chini ya miaka minne bure, na kundi la zaidi ya 400 lilipata punguzo. Katika filamu ya Claude Lanzmann, Shoah, ya 1985, mwanahistoria Raul Hilberg anashika agizo moja la ratiba, namba 587, na kulisoma mstari kwa mstari: treni inafika Treblinka asubuhi ikiwa imejaa, alasiri ya siku hiyohiyo inaondoka tupu. Neno la kuua halimo. Kusoma kwake ni ufundi wa aina nyingine, wa mtu anayeijua lugha ya ratiba kiasi cha kusikia kilichonyamaziwa.

Ndani ya kambi walijenga stesheni ya uongo. Mwishoni mwa 1942 bohari la kando ya reli lilipakwa rangi likapewa madirisha ya kuchora, dirisha la tiketi, vibao vya kuonyesha treni za Białystok, jina la stesheni Obermajdan, na saa ya ukutani ambayo mishale yake ilichorwa tu. Kilomita chache kutoka hapo, kwenye stesheni ya kweli, saa ilikuwa inakwenda na Ząbecki anaiandika.

Saa ya kuchorwa na uzio wa matawi vingeweza kushinda kama asingetoka hai mtu aliyevijua kwa ndani. Jankiel Wiernik aliletwa kutoka Warszawa Agosti 1942. Alikuwa seremala, na kambi ilihitaji seremala, kwa hiyo hakuuawa. Kambi iligawanywa sehemu mbili zilizotengwa: ya chini, watu waliposhushwa na kunyang'anywa vyao, na ya juu, penye vyumba vya gesi. Mfungwa wa upande mmoja hakuruhusiwa kuuona upande wa pili. Lakini mbao zinatakiwa kote, na seremala huenda kuliko na kazi. Wiernik alivuka kwa sababu ya msumeno wake, akabeba habari za mipango ya maasi kati ya pande hizo mbili, na kila alipopita alipima kwa macho kama mtu wa mbao anavyopima: mlango huu upana gani, ukuta ule unakutana wapi na paa.

Maasi yalitokea tarehe 2 Agosti 1943. Moshi wa majengo yaliyoungua ulionekana mbali. Wiernik alikuwa kati ya mamia waliokimbia, na kati ya wachache waliofika mwisho wa vita. Simulizi lake lilichapwa kwa siri Warszawa Mei 1944, Wajerumani wakiwa bado wanautawala mji. Baadaye alihamia Israeli, na katika miaka ya 1950 akafanya kitu ambacho hakuna mwanahistoria angeweza: aliitengeneza kambi nzima kwa mkono, ndogo, kwa ajili ya jumba la makumbusho la Wapiganaji wa Geto, kaskazini mwa Israeli. Reli imo, na jukwaa, bohari, uzio, mnara. Mwaka 1961 alitoa ushahidi Jerusalem kwenye kesi ya Adolf Eichmann, afisa wa SS aliyesimamia usafirishaji wa Wayahudi, na mfano huo ukasaidia kuonyesha kila kitu kilikuwa wapi.

Kati ya wote ninaowataja, huyu ndiye ninayemwinamia zaidi. Alikata kila ubao akijua ubao halisi ulisimama wapi, kwa sababu baadhi ya zile halisi alilazimishwa kuzipigilia kwa mkono wake. Waliookoka wengine walichora plani zao, na plani hizo hazilingani: jengo moja limesogea, njia imepinda tofauti. Haishangazi. Walikuwa wanakumbuka mahali walipokimbizwa kwa mijeledi. Kazi ya mtafiti ni kuzilaza pamoja kama WIG walivyolaza ramani za dola tatu, na kuvumilia mpaka mistari ikutane.

Maana ardhi yenyewe ilikuwa imefutwa. Baada ya maasi na treni za mwisho za Agosti, kambi ilibomolewa, udongo ukalimwa, zikapandwa mbegu za lupini na miti. Nyumba ya shamba ilijengwa na kuwekwa mkulima, aliyekuwa mlinzi wa kambi, aseme kuwa siku zote amekaa pale. Picha zilizopigwa na ndege za Wajerumani wenyewe mwaka 1944 zinaonyesha nyumba hiyo katikati ya uwanja mweupe wa mchanga uliogeuzwa. Mmea haujui kuficha rangi ya udongo uliochimbwa.

Novemba 1945 jaji mchunguzi Zdzisław Łukaszkiewicz alifika na timu yake, akiwemo mpima ardhi aliyekula kiapo. Chimba hapa, pima pale, andika kina, andika kilichopatikana. Mpima ardhi alitoa plani ya eneo. Ukiisoma leo unaona mtu aliyekataa kuandika zaidi ya alichokiona: pale ambapo ukuta haukupatikana, hakuchora ukuta. Naipenda nidhamu hiyo kuliko ufasaha wowote. Siku zile watu walikuwa na hasira ya haki na wangemsamehe kama angetia chumvi.

Miaka 65 baadaye alikuja mwanaakiolojia Caroline Sturdy Colls. Sheria ya dini ya Kiyahudi inakataza kusumbua makaburi, kwa hiyo alianza na vifaa visivyogusa: leza ya kutoka angani inayovua miti na kuacha sura ya ardhi, na rada ya kupenya chini ya udongo. Aliweka picha za 1944, plani ya 1945, michoro ya waliookoka na vipimo vipya kwenye fremu moja. Mashimo ya makaburi yaliyosemwa hayapo yakaonekana yapo. Na palipochimbwa kidogo, kwa idhini, ilitokea misingi na vigae vya jengo lililosimuliwa na Wiernik na wenzake.

Leo treni za abiria hazipiti tena Treblinka. Tangu 1964 kuna mnara wa kumbukumbu na mawe kama 17,000, kazi ya Adam Haupt na Franciszek Duszeńko, na wageni wanafika kwa barabara. Stesheni aliyokaa Ząbecki haipo.

Lakini karatasi ipo. Watu wa kujitolea, wengi wao si wasomi wa kazi hiyo, wameskani ramani za WIG karatasi kwa karatasi na kuziweka mtandaoni bure kwa ubora wa juu. Msomaji, itafute karatasi yenye Małkinia na Bug kabla hujasoma kitabu chochote juu ya kambi. Soma kwanza majina ya vijiji, Poniatowo, Wólka Okrąglik, Prostyń, Kosów Lacki, tazama misitu, vinu na njia za mikokoteni, halafu fuata reli kwenda kusini mpaka stesheni. Ukishapajua mahali hapo palivyokuwa kabla hawajaja, ndipo umsome Wiernik.